Nani Aliyesema Maneno Yale

Ikutha,
10 Septemba 2023

Kwa dada yangu Mbithe,

Pokea salamu za vumbi, maana ndilo tulilo nalo kwa wingi. Natumaini magoti yako bado yanakubali kukanyaga cherehani, na kwamba sare za watoto wa shule hazijakumaliza macho. Sisi huku tunachimba mchanga wa mto hadi kiunoni ndipo maji yaonekane, na punda ndio wanaokunywa kwanza kwa sababu ndio wanaobeba. Mwanangu Mbula amerudi shule. Kidato cha tatu kimemfanya mrefu kuliko mama yake. Hakuniaga vizuri, alisema neno akiangalia viatu vyake, akapanda gari.

Utashangaa kuona barua, kama tumerudi enzi za marehemu baba. Simu yangu iliangukia kisimani. Usihangaike kunitafutia nyingine, wala usinitumie ujumbe kupitia kwa jirani yangu Nyamai, maana mimi na yeye hatusalimiani tena. Ukiwa na neno, andika umpe Abdijabar. Unamjua, yule Msomali anayenunua mbuzi soko hadi soko, leo yuko Ikutha, kesho yuko kwenu Mbumbuni. Si mtu wa kufungua cha wenyewe.

Mbuzi wangu wanatupa mimba. Wa kwanza nilidhani ni kiu, wa pili nikadhani alipigwa pembe. Sasa ni karibu zizi lote. Naingia asubuhi nakuta vitoto visivyo na manyoya kwenye samadi, navibeba kwa mikono nikavifukie. Jambo kama hili haliji bure. Nyamai amepita karibu na zizi langu sana mwaka huu, na mbuzi wake wanazaa vizuri tu. Sisemi zaidi.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma, na jioni nasikia baridi hata kukiwa na joto, lakini huo ni uzee.

Mke wangu Kalunde ameenda kwao. Aliondoka mwenyewe. Watu wakikuuliza, sema hivyo.

Nduguyo,
Kiilu


Mbumbuni,
24 Septemba 2023

Mwana wa mama yangu,

Barua yako ilifika ikinuka beberu, nikajua kweli imetoka nyumbani. Huku tunashukuru. Miembe imetoa maua, na madalali wameanza kuzungukazunguka mashambani na kusifia miti ya watu ili waipate kwa bei ya huruma. Kwaya ya akina mama imeniletea kitambaa cha zambarau, eti majoho yawe tayari kabla ya Krismasi. Wanangu wako salama Mombasa na wanapiga simu wakikumbuka. Jana tulipika muthokoi, tukala mpaka tukashindwa kuinuka.

Sasa nikuulize, kisima gani hicho? Boma lako halina kisima, na kwa mkono wako umeandika kwamba mnachimba mto. Na uzee gani huo wa miaka arobaini na sita? Mimi ni mkubwa wako na sijauona bado. Nenda dispensari wakuangalie huo mgongo na hiyo baridi.

Nyamai tumekua naye. Alipokuwa mdogo aliogopa hata kuku. Mtu wa aina hiyo haendi kuroga mbuzi.

Kuhusu Kalunde, mtu mzima hapotei. Kuna jambo la mwezi wa sita ambalo hukuliandika. Nami nitalipita vivyo hivyo, lakini ujue kwamba ninajua umelipita.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Mbithe


Ikutha,
8 Oktoba 2023

Dada,

Salamu. Nashukuru kwa habari za miembe. Huku mawingu yanakusanyika kuelekea Mutomo halafu yanaondoka, kama wageni walioona hakuna chai.

Dispensari sijaenda. Kanisani pia nimeacha kwenda, na nitakwambia kwa nini ili usilisikie kwa wengine. Nikiingia, watu wanapunguza sauti. Mchungaji anahubiri kama mtu anayetafuna. Ananitazama, midomo inacheza, halafu benchi zote zinacheka nami sijaambiwa kicheko. Sokoni ni vilevile. Kalunde ndiye aliyeanza. Alikuwa akisema na Mbula jikoni kwa sauti ya chini, nikitokea mlangoni wananyamaza. Mtu anayenong'ona ndani ya nyumba yangu anaficha nini?

Nimeona ni afadhali kukaa peke yangu. Nakama mbuzi wachache wenye maziwa, nakunywa yakiwa na joto lake kama baba alivyotufundisha, na siku nyingi hicho ndicho chakula changu, kwa sababu kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja kunachosha. Nikilala naamka shuka limelowa jasho. Kichwa kinagonga.

Jumatano nilienda kwa Nyamai na panga. Sikumkata. Lakini nilienda, Mbithe. Sikumbuki nilichomwambia. Nakumbuka mkono wangu ukiwa juu, na mkewe akiwa ameziba mdomo.

Umeandika "tulipika", umeandika "tukala". Tangu shemeji Kivuva afariki unaishi peke yako. Ulikula na nani?

Kiilu


Mbumbuni,
5 Novemba 2023

Kiilu,

Nimechelewa, na mvua si sababu ingawa imefika, tena kwa hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika.

Nilikula na Kalunde. Yuko kwangu tangu alipoondoka kwako. Kwao hakwenda, mama yake ana moyo mbovu na hakutaka kumpelekea habari. Aliniomba nisikwambie, nikamwahidi. Leo naivunja ahadi hiyo mbele yake. Ameketi hapa upande wa pili wa cherehani anapinda majoho, na anajua ninachoandika.

Alikuja akiwa na homa inayokuja na kuondoka. Viungo vilimuuma mpaka akawa anashuka kitandani kama kikongwe. Alipewa dawa ya malaria, homa ikatulia, ikarudi. Mwisho nilimpeleka hospitali ya mjini Wote. Daktari mmoja mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mnafuga?"

"Mbuzi," Kalunde akasema.

"Wanatupa mimba?"

Kalunde alinitazama mimi kwanza, kana kwamba nilikuwa nimemwambia daktari. Akasema ndiyo.

"Maziwa mnachemsha?"

"Ya chai nachemsha. Mume wangu hunywa mabichi. Nami nikikosa kuni nilikuwa nakunywa naye."

"Na yeye ana hali gani? Simaanishi homa tu. Amebadilika? Anakasirika kwa jambo dogo, anakaa peke yake, anaona watu wanamsema?"

Kalunde akasema, "Daktari, umemjulia wapi?" Halafu akalia pale kwenye kiti, na daktari akamwacha alie.

Damu ilipopimwa ilikuwa brusela. Ni kidudu ambacho jicho halikioni. Kinakaa kwenye mbuzi na kinamwingia mtu kwa maziwa mabichi, au akishika kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa, kama ulivyoniandikia kwamba unafanya. Kwa wengi kinakaa mgongoni na kwenye viungo. Kwa wachache kinapanda kichwani, na hapo, daktari alisema, mtu anaweza kuwa mwingine nyumbani mwake mwenyewe. Na kikifika huko mara nyingi kinaharibu mishipa ya kusikia.

Tangu alipotaja masikio, nilikuwaza wewe njia nzima ya kurudi. Wiki iliyofuata Abdijabar alipopita nilimkamata shati. Nikamwambia, "Wewe unamwona ndugu yangu. Niambie."

Akasema, "Mama, sikutaka kuwa mtu wa kubeba maneno. Nilisimama nyuma yake sokoni nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu, watu wote wakageuka isipokuwa yeye. Nilipomgusa bega aliruka kama amechomwa. Ndugu yako hasikii."

Kiilu, hakuna anayenong'ona juu yako. Watu wanasema kama walivyosema siku zote. Simu haikuanguka kisimani. Nenda hospitali Kitui, uwaambie brusela, uwaambie masikio. Na hayo maziwa, hata tone, usiyanywe kabla hayajachemka.

Usinikasirikie mpaka upone. Ukishapona nikasirikie unavyotaka.

Mbithe


Ikutha,
12 Novemba 2023

Mbithe,

Barua nimepata. Kumbe mko wawili, na Abdijabar ni wa tatu.

Masikio yangu ni mazima. Naongea na mbuzi wangu na ninasikia wanavyojibu.

Huyo aliyeketi upande wa pili wa cherehani mwambie aendelee kuketi. Usiniandikie tena.

Kiilu


Mbumbuni,
10 Desemba 2023

Kiilu,

Umenikataza kuandika, lakini mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mto ulipofurika, mwaka ule hujajua kutembea, kwa hiyo nitaandika. Sijui kama barua hii itafika. Barabara zimekatika kila mahali, Abdijabar hajaonekana kwa wiki kadhaa, na anasemekana amekwama soko la Kabati na mbuzi wa watu.

Huku ni kijani hata macho yanauma. Kunde zimekuwa kichaka. Kalunde anamaliza dawa zake. Homa imekwisha na anashuka kitandani kama msichana. Majoho yamekamilika. Mbula amefunga shule. Alitaka kuja moja kwa moja kwako, mama yake akamzuia kwa sababu ya panga. Mtoto alikaa kwenye kizingiti siku nzima bila kula.

Sikuulizi lolote. Niandikie neno moja tu nijue mkono wako bado unashika kalamu. Hata likiwa tusi.

Mbithe


Kitui, hospitalini,
21 Januari 2024

Dada yangu Mbithe,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuzeeka. Nakuandikia nimekaa kitandani karibu na dirisha, na mwandiko huu mbaya ni wangu, usidhani ni wa mtu mwingine. Mbula alikuja kuniona kabla ya kurudi shule, akaniletea simu ndogo ya kusoma ujumbe, lakini herufi zake zinacheza machoni na vidole vinakosea vitufe. Kalamu bado naiweza. Alikaa nami, akanishika mkono. Nimenenepa kidogo.

Nilianguka zizini baada ya Krismasi. Miguu ilikataa tu, na kila kitu nilikiona kama viwili. Nikalala pale katikati ya samadi. Nyamai ndiye aliyenikuta. Ameniandikia kwenye karatasi jinsi ilivyokuwa: mbuzi wangu walilia tangu kulipokucha kwa sababu hawakufunguliwa, wakalia mpaka jua likawa kali, naye akasimama kwenye ua wake akiogopa kuja, kwa sababu ya yale niliyomfanyia. Mwishowe akaja. Mimi nilikuwa nimelala kati ya hao mbuzi, Mbithe, mdomo wa mmoja ukiwa karibu na uso wangu, na sikusikia kitu.

Alinitoa kwa mkokoteni wa punda hadi barabarani, na Abdijabar akanileta huku kwa pikapu yake akipita njia za matope. Alikuwa na barua yako ya Desemba mfukoni. Nimeisoma hapa.

Mlikuwa mmesema kweli. Walinitoa maji kwenye uti wa mgongo wakakuta kidudu kimefika kichwani. Nachomwa sindano, na vidonge nitameza kwa miezi mingi. Daktari wa wodi hii ni kijana mwenye subira. Yeye ananiandikia, mimi namjibu kwa mdomo. Naambiwa napiga kelele sana, kwa hiyo wodi nzima inajua habari za choo changu. Simu ile ya zamani niliitupa chooni, si kisimani. Sauti za watu ndani yake zilikuwa kama nyuki ndani ya debe, na niliona aibu.

Sasa nisikilize. Daktari ameniandikia kwamba hasira ile, kushuku kule, kuona wote wananisema, vyote huletwa na ugonjwa huu. Nilipoisoma karatasi hiyo nililia kwa furaha. Kwa hiyo si mimi! Aliyeenda kwa Nyamai na panga si mimi. Mimi nilikuwa nyumba tu, mgeni ndiye aliyekuwa akisema kupitia dirisha langu. Mwambie Kalunde hivyo. Mwambie, maneno yale hayakuwa yangu, yalikuwa ya vidudu. Mwambie sasa anaweza kurudi.

Ndugu yako, na sasa ni yeye kweli,
Kiilu


Mbumbuni,
4 Februari 2024

Mwana wa mama,

Nilipoona mwandiko wako niliketi kwanza kabla ya kuifungua barua. Asante Mungu. Asante Nyamai. Nimemtumia mkewe kitenge kwa mkono wa Abdijabar, na wewe ukitoka hapo utaenda kwake kwa miguu yako kabla hujafika kwako. Sisi ni wazima. Jua limerudi, na maembe ya mwisho yanaoza chini ya miti kwa sababu malori hayakufika kwa wakati.

Nilimsomea Kalunde barua yako. Alikuwa anapiga pasi. Hakuacha kupiga pasi. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa mgeni." Nikasoma. Akaiweka pasi chini.

Nakuandikia alivyosema bila kupunguza, kwa sababu yeye mwenyewe amesema nisipunguze.

"Homa nakubali ni ya vidudu," alisema. "Hasira nakubali. Panga pia nakubali. Lakini siku ile nimesimama mlangoni na ndoo, bado natoka damu, aliniambia mimi na mbuzi wake ni kitu kimoja, hatujui kushika tulichopewa. Dada, vidudu havikujua habari za mtoto wetu. Kiilu ndiye aliyejua."

Kiilu, nilikuwa sijayasikia maneno hayo. Nilijua mlipoteza mimba mwezi wa sita, nilijua mlizika nyuma ya nyumba, na nilidhani ameondoka kwa sababu ya kelele na kushukiwa. Amelala chini ya bati langu miezi yote hii bila kuyatamka. Baada ya kuyasema alichukua pasi, ikawa imepoa, akaenda kuongeza makaa.

Kuna jambo lingine. Alimuuliza daktari wa Wote kama maziwa yale ndiyo yaliyomchukua mtoto. Daktari hakusema ndiyo, hakusema siyo, alisema inawezekana. Nilimuuliza Kalunde kama nikuandikie hilo. Alifikiri sana. Akasema, "Mwandikie. Asije akaendelea kudhani ni mimi."

Nilitaka kukutetea nikakosa pa kuanzia. Meza dawa zako.

Dada yako,
Mbithe


Ikutha,
28 Aprili 2024

Dada Mbithe,

Salamu kutoka nyumbani. Nimerudi tangu Machi. Ndengu za Nyamai zimekubali, zangu hazikupandwa. Vidonge vyekundu vinafanya mkojo uwe na rangi ya soda ya machungwa, na mgongo umenyooka. Macho yametulia. Masikio, daktari ameandika kwamba yalipofika ndipo yatakapobaki. Upande wa kushoto hakuna kitu kabisa. Wa kulia nasikia ngurumo, na mlango ukipigwa kwa nguvu, si zaidi.

Daktari wa mifugo alikuja akawatoa damu mbuzi wote. Waliokuwa wagonjwa wameondolewa, nikabaki na kundi dogo la kuaibisha. Nilikuwa nasimamia zizi lile na kulijua kwa sauti. Nilijua nani anaumwa, nani ana kiu, nani anamwita mtoto wake. Sasa nasimama hapo natazama midomo ikifunguka na kufungwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke mbele ya mbuzi.

Kwa Nyamai nilienda kama ulivyosema. Niliongea, sijui kwa sauti kubwa au ndogo. Yeye alilia. Siku hizi huja jioni na sinia ya ndengu, tunachambua, hatuandikiani kitu.

Barua yako ya Februari ilinikuta bado niko wodini. Nimekaa nayo muda mrefu, na si barabara iliyonichelewesha. Siku hiyo nilimuuliza daktari kijana: maneno niliyomwambia mke wangu ni yangu au ya ugonjwa? Alishika kalamu, akaandika, akakata. Akaandika tena, "Hakuna kipimo cha hilo." Halafu akanipapasa bega na kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilikuambia sikumbuki nilichomwambia Nyamai, na ni kweli, hapo pana shimo tu. Lakini ya mlangoni nayakumbuka. Naikumbuka ndoo. Na kuna zaidi, Mbithe, na nitaliandika mara moja tu. Siku tuliyozika, natoka nyuma ya nyumba na jembe, wazo hilo la Kalunde na mbuzi lilipita kichwani mwangu. Nililionea haya, nikalifukuza, na ningekuwa mzima lisingefika mdomoni mpaka nife. Ugonjwa ulikuta mlinzi amelala. Lakini kile kilichotoka nje kilikuwa ndani, na hakikuletwa na mbuzi.

Mwache Kalunde asome barua hii mwenyewe. Na lile neno langu kwamba sasa anaweza kurudi, nimelifuta. Mwambie siombi chochote. Mwambie pia kwamba naijua sababu ya kutoka kwa mimba ile, na kwamba maziwa yale ni mimi niliyeyaleta mezani.

Kiilu


Mbumbuni,
2 Juni 2024

Kiilu,

Tunakusalimu. Nimempoteza kuku wangu mwekundu kwa mwewe, na goti la kushoto limeanza kutabiri hali ya hewa. Mbula anaandika kwamba amekuwa wa nne darasani, tena bila kujisifu, yaani amekuwa mtu mzima.

Kalunde aliisoma barua yako, akaikunja, akaisoma tena jioni. Hakunieleza alichofikiri, nami nimejifunza kutouliza. Jana aliniambia atakuja Ikutha mwezi huu, kwa kuwa mwaka unatimia na hajawahi kuliona kaburi likiwa na nyasi. Ndivyo alivyosema. Hakusema atakaa, hakusema atarudi. Ametia nguo kwenye mfuko mdogo, mkubwa ameuacha juu ya kabati, na mimi nimeuangalia huo mfuko mkubwa mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Nikikuambia ninafurahi tu nitakuwa mwongo. Tangu Kivuva aondoke nilikuwa nimezoea kupika kikombe kimoja cha mchele. Halafu akaja huyu mwenye homa, nikawa na mtu wa kumuuliza, umefunga mlango? Kuna jioni nilikuwa nafurahi ninyi wawili mmegombana. Mungu anajua.

Akisema nawe, mtazame mdomo. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Usijifanye umesikia. Ulikuwa unajifanya sana.

Mbithe


Ikutha,
30 Juni 2024

Dada yangu,

Habari za goti? Huku ni baridi ya asubuhi na ukungu, na mbuzi wawili wamezaa, mmoja pacha. Vitoto vyote vinasimama. Maziwa nachemsha mpaka yanafurika jikoni.

Kalunde alikuja Jumamosi. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Alinisalimu kwa kichwa, akapita moja kwa moja kwenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimepalilia pale na kuweka mawe pembezoni, si kwa ajili yake, nilifanya tangu Machi. Alikaa huko. Mimi nilimwacha, nikaenda kukata majani ya mbuzi ambayo hawakuyahitaji.

Niliporudi alikuwa jikoni. Sufuria zangu za wiki nzima unaweza kuzikisia. Alikuwa anaosha, mgongo wake ukiwa kwangu, nami nikasimama mlangoni. Nilidhani hajui nipo. Halafu nikaona mabega yanaanza kusogea, na kichwa, na mkono wenye kijiko unapanda na kushuka. Alikuwa anasema. Alijua nipo, Mbithe. Na alijua sisikii.

Alisema kwa muda mrefu sana. Kuna mahali aliacha, akashika ukingo wa beseni, akaendelea. Ningemgusa bega angegeuka. Ningempa karatasi angeandika, pengine. Mwaka jana nilibeba panga kwa ajili ya maneno nisiyoyasikia. Nilisimama tu hapo mpaka mabega yakatulia.

Alipangusa mikono, akageuka, macho mekundu. Tukatazamana. Akauliza polepole, kwa midomo iliyo wazi ili nimwelewe, chumvi iko wapi siku hizi. Nikamwonyesha.

Leo bado yuko. Analala chumba cha Mbula. Hakusema mpaka lini na sijamuuliza.

Pengine alikuambia kabla ya kuja kile alichokusudia kuniambia. Kama unakijua, usiniandikie.

Nduguyo,
Kiilu